YAH: Malalamiko juu ya jezi ya Chama namba 17 mliyoiprinti mbele ya macho yangu

Chake Chake, Pemba
Julai 2024

Kwa Meneja,
Duka la jezi, Mjini Unguja.

Assalamu alaikum.

Kwa heshima zote mnazostahiki, nawaandikia kuhusu oda yangu ya jezi ya mtoto: nyekundu ya Simba, jina CHAMA, yaani Clatous Chama aliyekuwa kiungo wetu, namba 17. Risiti mnayo. Masharti yenu mnayajua kuliko mimi, mmeyabandika wenyewe pale ukutani, sitawasomea.

Nilisema naitaka kabla ya Sikukuu ya Mfunguo Tatu, Idi ya kuchinja. Nililipa 35,000 ya jezi na 10,000 ya kuprinti, sikubakisha hata thumni. Mtoto kamaliza sikukuu yote Tibirinzi na kanzu ya mwaka jana, kila jioni ananiuliza, "Baba, boti imekuja?" Boti zilikuja. Jezi haikuwemo.

Wiki ya mwisho ya Juni zikaanza tetesi. Barazani kwetu kahawa ilikuwa hainyweki kwa maneno: mkataba wa Chama unakwisha, na wale wa upande wa pili wameshakaa naye. Nikapiga simu dukani kwenu nikasema kwa utaratibu kabisa, kama hamjaprinti, uacheni mgongo mtupu, jina tutatia baadaye. Nikajibiwa, "Imeshaprintiwa mzee, ipo kwenye mfuko, inasubiri boti." Nikashukuru. Mimi mtu mzima nimeshukuru uongo.

Jumatatu, tarehe 1 Julai, watani wetu Yanga wakamtangaza kuwa mchezaji wao. Jumatano nikapanda boti Mkoani kuja kuifuata mwenyewe hiyo jezi iliyokuwa "inasubiri", maana nilitaka tuzungumze tubadilishane kwa wema. Nikatoa risiti. Kijana wenu wa kaunta akaisoma, akacheka, akavuta jezi kwenye rafu. Mgongo mtupu! Hauna herufi hata moja. Nikamwambia, "Subiri kwanza kijana, usiprinti." Akaitandaza kwenye mashine, akapanga C, H, A, M, A, na 17 chini yake, akafunga mfuniko. "Mzee, oda ni oda."

Meneja, labda hushabikii mpira, basi nikueleze kidogo. Tulipata kumuona Desemba 2018 akiwamaliza Nkana ya Zambia kwa kisigino, mwanangu alikuwa bado anabebwa. Machi 2019 akawafunga AS Vita ya Kongo dakika za mwisho, na mimi redio ilinidondoka mkononi, mpaka leo imefungwa kwa ukanda wa mpira. Mwaka 2021 akauzwa Berkane, hatukununa. Moroko ni mbali, mtu akienda mbali unamuombea dua, na Januari 2022 akarudi. Lakini kutoka Msimbazi kwetu Simba kwenda Jangwani kwa Yanga ni safari ya miguu! Najua mchezaji ni mfanyakazi, mkataba ukisha anakwenda anakotaka. Tena sisi wenyewe mwaka 2017 tulimchukua kiungo wao Niyonzima kutoka Yanga na tukacheka mpaka usiku. Hayo yote nayakubali. Mwanangu ana miaka tisa, yeye hayakubali. Siku ile ya Jumatatu hakula, akaniuliza Chama amekasirishwa na nani.

Sasa huyo ndiye mtoto niliyekuwa nampelekea jezi, na kijana wenu anafunga mfuniko wa mashine. Sikueleza yote hapo juu, kwa sababu nilitaka kuandika kwa adabu. Alipokuwa anasubiri herufi zishike, aligeuka kwa wateja, walikuwemo kama sita, watatu wao na jezi za kijani za Yanga, akanyoosha mkono juu, vidole vitano. Nyote mnajua vidole vitano maana yake nini tangu ile Novemba 2023, Yanga walipotufunga matano kwa moja. Mimi nimesimama na risiti mkononi, namwambia "usiprinti," na yeye ananihesabia mabao! Kisha akaitoa jezi ya moto, akaiweka kifuani kwangu kama ananipima, akanipiga picha. "Mzee wetu kaja kumfuata Mwananchi mwenzetu." Mwananchi ndiyo mtu wa Yanga. Wakacheka dukani kote. Picha ikenda kwenye stetasi ya duka, na kabla boti haijanirudisha Mkoani nimeshapigiwa simu na shemeji yangu wa Wete, naye Yanga, anataka kujua nimehama lini.

Na nilipoomba kubadilishiwa akanionesha kidole ukutani: ikishaprintiwa hairudishwi. Alikuwa ameiprinti dakika tatu zilizopita!

Nilipoanza barua hii nilikusudia kudai 10,000 ya kuprinti tu. Nimeisoma tena, nimebadilika. Nataka 45,000 yote, na nauli yangu ya boti kwenda na kurudi, kwani safari hiyo ni ya uongo wenu wa kwenye simu. Nataka ile picha ifutwe, na stetasi hiyohiyo iwekwe maneno ya kuniomba radhi, yakae muda uleule picha iliokaa. Na kijana wenu naye, nafikiri sasa, apande boti aje Chake amueleze mwanangu mwenyewe, uso kwa uso, kwa nini sikukuu imempita.

Nawapa siku saba. Baada ya hapo risiti pamoja na barua hii nazipeleka Tume ya Ushindani Halali wa Biashara, na simu niliyowapigia ina tarehe na saa yake. Na ile oda ya jezi thelathini za watoto wa skuli, ambayo mwalimu wao alinituma niwaulizie bei, nimeshamwambia atafute fundi mwengine.

Jezi iko kwangu, kwenye mfuko wenu uleule. Mama yake mtoto alitaka kuifanya tambara la deki, nimemkataza. Huo ni ushahidi.

Wenu katika kusubiri,
Mteja wa Chake Chake