Inuka, ule

Kibosho, Moshi

Dada yangu mpendwa,

Tumsifu Yesu Kristo. Barua yako niliipata jioni, na asubuhi nikaisoma tena kabla ya kwenda shambani. Unasema tangu tumzike shemeji, mume wako, ukipiga magoti unaona kama unaongea na ukuta. Watu wanakuambia Mungu anakupenda, nawe unaitikia amina kwa adabu tu, maana upendo wenyewe huuoni. Sitakukemea kwa hilo, wala sitakuambia uongeze imani. Mfiwa haongezewi mzigo.

Ila nakuomba ufungue 1 Wafalme sura ya 19. Wengi tunaikumbuka kwa ile sauti ndogo ya utulivu iliyokuja baada ya upepo, tetemeko na moto, na mahubiri karibu yote hukimbilia hapo. Mimi siku hizi sivuki mwanzo wa sura. Nabii Eliya amechoka, amekaa jangwani chini ya mti wa mretemu, anaomba afe. Mungu hamjibu hata neno. Hamwelezi kwa nini malkia Yezebeli anamwinda, hamuulizi imani yake imekwenda wapi. Anamwacha alale. Kisha malaika anamgusa, "Inuka, ule," na kichwani pake pana mkate uliookwa juu ya makaa na gudulia la maji. Anakula, anakunywa, analala tena! Na malaika harudi kumgombeza, anarudi kumlisha mara ya pili, kwa kuwa safari ni ndefu kuliko nguvu zake. Mpaka Horebu, mlima wa Mungu, ni siku 40, mchana na usiku. Sauti ilikuwa bado mbali, lakini mkate ulishafika.

Sasa rudi kwenye barua yako mwenyewe. Katikati ya machozi umeandika, kama jambo la kupita, kwamba jirani mnayesali naye kwenye jumuiya anampeleka mwanao shule pamoja na wa kwake, kwa sababu asubuhi ulikuwa huwezi kunyanyuka. Kwamba muuza maziwa alikataa hela ya wiki ya msiba. Kwamba juzi ulipika mwenyewe, na mtoto akaomba aongezewe. Mistari mitatu tu, halafu ukarudi kwenye ukuta. Mimi nililia hapo kwenye mistari mitatu, dada. Mwaka 1976 maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki walipozipa jumuiya ndogo ndogo za Kikristo uzito, walitaka Kanisa likae mlango kwa mlango na watu. Huyo jirani anayemshika mwanao mkono asubuhi ndiye Kanisa, hata kama hajakutamkia aya moja ya Maandiko.

Huku vuli imenyesha vizuri na mibuni imechanua, shamba lote jeupe na harufu imejaa mpaka barabarani. Baada ya siku chache maua yatapukutika, na mpita njia ataona miti imenyamaza. Mpaka buni ziive ni miezi 8 au 9, na hakuna anayeziona zikinenepa. Yesu alimjua mkulima wa namna hii: katika Marko 4 analala na kuamka, na mbegu inakua "asivyojua yeye". Ndiyo maana sikuombei miujiza. Naomba uendelee kulala na kuamka.

Sala ndefu usijilazimishe. Ukishindwa kabisa, anza Baba Yetu, ukifika kwenye mkate wetu wa kila siku, ishia hapo. Najua Baba anaisikia hiyo kama sala kamili. Na jumuiya wakija kusali kwako, usihangaike na chai wala viti. Waache wao wapike.

Nitakuja baada ya Noeli, nikijaliwa. Nitabeba ndizi za mtori, nyama tutanunua hukohuko, wewe tafuta sufuria kubwa tu. Mama anakusalimia sana na amekuwekea nia kwenye rozari yake. Mbusu mwanetu, mwambie aniandikie jina la mwalimu wake, aliniahidi.

Dada yako akupendaye.