Barua ya Wazi kwa Waziri wa Habari: Programu Zinazoongoza Mitambo ya Matangazo Zisiachwe Zife

Mheshimiwa Waziri,

Mimi ni fundi wa mitambo ya utangazaji hapa Dodoma. Nakuandikia hadharani kwa kuwa jambo hili linawagusa wasikilizaji wa Kondoa, Kongwa na Mpwapwa, nao hawatalijua mpaka siku redio itakaponyamaza.

Katika chumba kimoja cha mitambo ninachokifahamu kuna kompyuta inayotumia Windows XP, mfumo endeshi wa zamani wa kampuni ya Microsoft, iliyobandikwa karatasi: USIZIME. Ndiyo inayoangalia mitambo ya mbali, inayowasha mtambo wa akiba ule mkuu unapozimika, na inayopiga kengele fundi aamke. Nyuma yake, kwenye tundu la printa za zamani, kimechomekwa kidude cha leseni, kinachoithibitishia programu kuwa imelipiwa. Kikiungua hicho, programu inayofanya kazi hizo zote haifunguki. Na Microsoft iliacha kuihudumia XP tangu Aprili 2014.

Sisemi programu hiyo ni mbovu, hasha! Kazi yake inaifanya usiku na mchana. Vinavyokufa ni vilivyoizunguka: diski, kampuni iliyoiandika, na mafundi wanaostaafu na ujuzi wao kichwani. Kuing'oa kwa pupa nako ni hatari, maana ina amri za mitambo ambazo hazijaandikwa mahali pengine popote.

Ninaloomba kuliko yote ni sharti katika mikataba. Mnunuzi asitie saini mpaka muuzaji akubali kuweka msimbo chanzo, yaani maandishi ya programu yenyewe ambayo mtaalamu huyasoma na kuyarekebisha, kwa mtu wa tatu anayeaminika, ili kampuni ikifungwa au ikigoma kuihudumia programu, tuupate na tuendelee wenyewe. Pasipo sharti hilo tunabaki kubembeleza watu kwa barua pepe zisizojibiwa. Kompyuta hizi pia zitengwe na intaneti, na diski nzima inakiliwe, kisha nakala iwashwe kwenye mashine nyingine ionekane kama inafanya kazi.

Chuo Kikuu cha Dodoma kipo hapahapa na kinafundisha kompyuta. Vijana wake wakae na mafundi wazee sasa, waandike kila wanachoelezwa. Watahitajika: tarehe 19 Januari 2038, programu zinazohesabu muda kwa sekunde tangu 1970, na kuihifadhi hesabu hiyo katika biti 32 tu (nafasi 32 za 0 na 1), zitafika kikomo cha namba, na ratiba ya matangazo hutegemea saa.

Kabla ya Bunge la bajeti, tafadhali agiza orodha ya kila programu ya aina hii: iko kituo gani, nani anaijua, na msimbo wake uko kwa nani.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Fundi mitambo, Dodoma