Kwa nini chupa ya amonia haijazwi hadi shingoni

Wiki iliyopita mwalimu mmoja wa kemia, upande wa Busia, alinitumia picha kwa WhatsApp. Chupa ya amonia ya lita mbili na nusu, tuliyowauzia kutoka duka letu la vifaa vya maabara, iko mezani, rula imesimamishwa ubavuni mwake, kidole kinaonyesha pale dawa ilipoishia. Chini ameandika: "Bosi, sentimita nne hizi ni zangu. Mmezipeleka wapi?"

Sikumjibu siku hiyo, maana ningejibu vibaya. Na yeye si wa kwanza. Praktiko (mitihani ya vitendo) za UNEB, baraza la mitihani la Uganda, zikikaribia, shule zikianza kukimbizana na vitu vya maabara, huyu wa rula hakosi. Kuna mtunza stoo mmoja yeye alikuja na mizani. Alitoa uzito wa chupa, akapata kilo 2.2, akatukata malipo ya gramu 300 kwa hoja kwamba lita mbili na nusu ni kilo mbili na nusu. Ya maji, sawa. Amonia kali ni nyepesi kuliko maji: lita moja ina gramu 880 hivi, na ndiyo maana watu wa maabara wanaiita 880 tangu zamani. Zidisha kwa mbili na nusu, utaziona zile kilo 2.2. Mzee wa watu alithibitisha kwa mizani yake mwenyewe kwamba amepata haki yake yote, kisha akatukata.

Turudi kwenye ile nafasi. Amonia ni gesi iliyoyeyushwa kwenye maji, na humo ndani haikai kwa hiari. Ile ya asilimia 25 inaanza kuchemka kwenye nyuzi 38 hivi. Hii 880 ina karibu asilimia 35, kwa hiyo inachemka mapema zaidi. Sasa fikiria stoo ya shule yenye paa la mabati, saa nane mchana, hakuna dari. Tena sisi huku tuko juu: Kampala ni kama mita 1,200 kutoka usawa wa bahari, na wateja wetu wa Kabale wanakaribia 2,000, ambako hewa inakandamiza kidogo na gesi inapata urahisi wa kutoka. Dawa ikipata joto inatanuka, na gesi inajaa pale juu. Pasipo nafasi, kinachotafuta njia ni kifuniko au kioo chenyewe. Kwa hiyo chupa inakuwa kubwa kuliko dawa iliyomo. Lita zako mbili na nusu zimo zote, pamoja na hewa ya bure ambayo hatukukulipisha.

Hilo la rula nalivumilia. Linaloniumiza ni wanaokataa chupa yetu.

Chupa ya kioo cha kahawia tunaiwekea dhamana ya shilingi 10,000, na hapo ndipo maneno huanza. "Nimiminie tu humu," na mtu anatoa chupa ya plastiki ya maji ya kunywa. Tunakataa. Miaka ya nyuma tulikuwa tukikubali, sitaficha. Siku moja shule ilimtuma mtu wa boda achukue lita moja. Chupa ikaingia kwenye kavera, yaani mfuko wa plastiki, kavera ikaning'inia kwenye usukani, jua kali, foleni ya Jinja Road. Alipofika, chupa ilikuwa imevimba tumbo kama chura, na kwa kuwa mwalimu hakuwepo, ikaachwa getini kwa askari. Askari aliona maji. Akafungua.

Kilichomwokoa ni pua. Amonia ina huruma hiyo moja, inakufukuza kabla hujaweka mdomo. Lakini ilimrukia jichoni, na wenzake, kwa nia njema kabisa, wakaanza kubishana kama watie maziwa au siki. Maji, jamani. Maji safi yanayotiririka, jicho limefunguliwa kwa vidole, dakika 15 zisizopungua, halafu hospitali hata kama anasema amepona. Siki na amonia zikikutana zinatoa joto, na jicho lililoungua haliongezewi moto. Yule askari anaona vizuri leo. Mimi tangu siku ile simimini dawa kwenye chupa ya kinywaji, hata aje mkuu wa shule mwenyewe na barua yenye mhuri.

Kuna hasara nyingine, ya kimyakimya, na hiyo ndiyo inayorudi kwetu kama lawama: "Amonia yenu haina nguvu." Inakuwa na nguvu vipi imekaa muhula mzima kwenye chupa yenye kifuniko cha soda? Gesi imeshaondoka, yamebaki maji yenye harufu. Mwanafunzi anapewa unga, anauyeyusha, anatia amonia tone moja moja. Kinatokea kitu cheupe. Anaongeza amonia kwa wingi. Kama ndani mna zinki, kile cheupe kinapaswa kuyeyuka, maji yawe maangavu tena. Kama ni alumini, kinabaki palepale. Amonia iliyochoka haiwezi kukiyeyusha, kwa hiyo mtoto anatazama zinki na kuandika alumini, darasa zima, kwa mwandiko mzuri. Shaba nayo inaishia ule ubuluu uliopauka, haifiki ule wa kuiva unaopendeza macho. Shule iliyookoa dhamana ya 10,000 imepoteza alama ambazo hazinunuliki dukani kwangu.

Ndiyo maana kwa shule nyingi nashauri msinunue 880 kabisa. Nunueni iliyokwisha kuzimuliwa, ya 2M, yaani moli mbili za amonia kwa lita (moli ni kipimo cha wanakemia cha wingi wa kitu), ambayo ndiyo mnayoitumia mezani. Najua, kwa lita inaonekana ghali: "Mnatuuzia maji." Ndiyo, mengi yake ni maji. Ile kali ina kama moli 18 kwa lita, kwa hiyo lita moja ya 2M inahitaji mililita 110 tu, zilizobaki ni maji yaliyokenekwa (distilled). Unacholipia ni mtu wetu kusimama mbele ya kabati la kuvuta hewa akiwa na miwani iliyofunga pembeni na glavu, kisha kupima kila anachotengeneza dhidi ya asidi ya haidrokloriki, kwa methili oranji (rangi ya kuonyesha asidi imetosha), mpaka namba zikubaliane mara tatu. Ikitoka 1.8 haiendi kwa mteja. Tarehe unaiona kwenye lebo. Shule isiyo na kabati la kuvuta hewa, na ni nyingi, ikizimua yenyewe inazimulia mapafu ya fundi wake wa maabara.

Na zile barakoa za kitambaa zilizobaki tangu korona hazizuii gesi hii hata kidogo. Zinazofaa ni za kichujio cha amonia, chenye utepe wa kijani na herufi K. Kama huna, fanya kazi nje, kwenye kivuli, upepo ukipita ubavuni.

Ukilazimika kufungua 880 mwenyewe, usiifungue ikiwa ya moto. Mwaka wangu wa pili kwenye kazi hii nilifungua chupa iliyotoka kwenye gari mchana, uso ukiwa juu yake kama mtu anayechungulia chungu cha pilau. Nilikaa chini sakafuni sioni wala sivuti pumzi, na sauti yangu ilikuwa ya bata kwa siku mbili. Siku hizi chupa inakaa kwanza kwenye beseni la maji baridi saa nzima. Tunafunika kifuniko kwa kitambaa kilicholowa, tunakizungusha robo tu, uso mbali. Unasikia "fssss", unangoja iishe, ndipo unazungusha tena. Aliyevuta nyingi mtoeni nje na mpelekeni akaonwe na daktari hata akitulia, kwa sababu mapafu yanaweza kuvimba baadaye.

Stoo, nitasema kidogo. Amonia isikae rafu moja na asidi. Ukiona ukungu mweupe au unga mweupe kwenye shingo za chupa zote, ujue hizo mbili zimekuwa zikisalimiana usiku. Isikae karibu na Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo, wala iodini, na msafishaji aambiwe kwa lugha anayoielewa kwamba sakafu iliyomwagikiwa amonia haipigwi Jik, maana mchanganyiko huo unatoa gesi mbaya kuliko zote mbili. Nimewahi kuingia kwenye stoo nikaona kufuli ya shaba ya kabati imegeuka rangi ya bluu-kijani, na sikuhitaji kuuliza kifuniko gani kilikuwa kimelegea.

Usafiri pia tunalaumiwa. Hatupakii amonia kwenye basi la abiria, si la Arua wala la Kasese, hata kondakta akikubali "kuificha chini ya viti." Inakwenda na gari la mizigo, ndani ya kreti yenye mchanga, na gharama hiyo ni yako. Shule tatu za eneo moja zikiagiza pamoja, wanagawana.

Yule mwalimu wa rula nilimpigia Ijumaa. Nikamwomba amimine dawa yote kwenye silinda ya kupimia, kisha nikajisikia nampa ushauri mbaya, nikamwambia asithubutu, apime tu uzito na kutoa ule wa chupa. Kilo 2.2. Akacheka, akauliza kama anaweza kupata punguzo kwa kuwa ametusumbua.

Hapana. Ila chupa ikirudi imesuuzwa, na kifuniko chake chenyewe, shilingi 10,000 zinarudi siku hiyohiyo. Iliyokuja na kifuniko cha soda haturudishii kitu.