Kabla Hujaunganisha Saa ya Vipuri

Mwanangu mpendwa,

Mashine tatu za saa zilizokufa zinaweza kukupa moja iliyo hai, ila kwanza tafuta namba ya kila mashine. Mara nyingi imechongwa kwenye bamba, karibu na gurudumu la mizani (lile linaloyumba huku na huko kupima muda) au chini yake. Usiamini macho. Mashine za Unitas 6497 na 6498 zina kipenyo kimoja, mm 36.6, na zinachangia vipuri vingi, lakini akrabu ya sekunde ya kwanza hukaa penye 9 na ya pili penye 6. Bamba zao hazibadilishani.

Mizani ndiyo ngumu kuliko vyote. Gurudumu lake na kamani nyembamba vilipimwa pamoja kiwandani, basi vichukue vikiwa pamoja, na daraja lake juu, yaani kibamba kinachoshikilia mhimili wake. Uangalie mhimili kwa lenzi: ncha ikiwa imepinda au imekatika, tafuta nyingine. Mizunguko ya kamani ikigandana kwa mafuta au sumaku, saa itakimbia, pengine dakika nyingi kwa siku.

Usifungue kitu kabla ya kulegeza kamani kubwa, ile inayoipa saa nguvu. Shika taji (kitufe cha kujazia saa), sukuma ulimi unaozuia gurudumu lisirudi, kisha uachie taji taratibu. Ukitoa uma (kipande chenye vito kinachozuia na kuachia magurudumu) kamani hiyo ikiwa imejaa, magurudumu yatafyatuka na kuvunja ncha zake. Skrubu ya gurudumu la taji nayo mara nyingi hufunguka kinyume, ikigoma, usiilazimishe.

Safisha kwa benzini. Uma usiuloweke kwenye spiriti, maana vito vyake vimegandishwa kwa gundi ya sheliki, na spiriti huiyeyusha. Mafuta ni tone dogo tu: mazito kwa vyuma vya taji, mepesi kwa magurudumu ya kasi. Ncha za mhimili wa uma usizitie kabisa, hata mkono ukiwasha.

Rudisha magurudumu na daraja lake, bila uma. Kamani kubwa ikijazwa kidogo tu yazunguke yenyewe. Yakigoma, kuna ncha iliyokaa nje ya kito chake, yaani kijiwe chenye tundu inamozungukia. Ukikaza skrubu hapo utaivunja. Skrubu ndefu ya mashine nyingine nayo hupenya na kusimamisha gurudumu.

Nyingi za zamani hupiga mara 18,000 kwa saa, yaani 5 kwa sekunde. Uso ukiwa juu na kamani imejaa, mizani izunguke nyuzi 270 hivi kila upande. Chini ya 220, rudi kwenye usafi.

Uso wenye rangi ya kung'aa gizani wa kabla ya miaka ya 1960 huenda una radiumu, yenye mionzi ya hatari. Usiukwangue wala kupuliza vumbi lake.

Mama yako