Usikubali Kuambiwa Ungoje

Columbus, Ohio
17 Januari 2021

Mpendwa Mama Idrisa,

Salamu nyingi kwako, kwa Baba Idrisa na kwa Bi Mkubwa. Natumai sukari yake imetulia. Sisi huku ni wazima, alhamdulillahi, na Nuru anakusalimu sana.

Baada ya salamu, nimeusikiliza ujumbe wako wa sauti nikaona nikujibu kwa maandishi, maana utataka kuyasoma tena ukiwa na karatasi za shule mbele yako. Umesema mwalimu alikupigia simu akakwambia kwamba mazoezi ya usemi ya Idrisa yatarudi siku atakaporudi darasani, na kwa kuwa nyinyi mmechagua asomee nyumbani wakati huu wa korona kwa ajili ya afya ya Bi Mkubwa, basi mvute subira. Mama Idrisa, kwa hili usivute subira. Haki ya mtoto wako haikufungwa pamoja na milango ya shule.

Sheria inayomlinda inaitwa IDEA. Ilianza mwaka 1975, Rais Ford ndiye aliyeitia sahihi, na kabla ya hapo watoto wengi wenye ulemavu katika nchi hii walikuwa wakikataliwa shuleni waziwazi. Inasema kila mtoto mwenye ulemavu, kuanzia miaka 3 hadi 21, apewe bure elimu inayomfaa yeye, na hiyo inayomfaa iandikwe kwenye mpango wake, ule wanaouita IEP. Mwaka 2017 kesi ya mtoto mmoja wa Colorado mwenye usonji, kama Idrisa wetu, ilifika Mahakama ya Juu. Majaji wote wanane walikubaliana kwamba haitoshi shule kumpa mtoto kijimaendeleo cha jina tu; mpango wake lazima umwezeshe kupiga hatua kwa kadiri ya hali yake.

Na korona haikulibadilisha hilo. Bunge lilipopitisha sheria ya misaada Machi 2020, lilimtaka Waziri wa Elimu, Betsy DeVos, aseme kama kuna vifungu vya IDEA vinavyohitaji kusimamishwa kwa muda. Mwezi Aprili alijibu, na kwa ile haki ya msingi ya mtoto kupata elimu inayomfaa hakuomba isimamishwe. Wizara yake ilikuwa imeshazieleza shule kwamba huduma zinaweza kutolewa kwa njia nyingine: kwa simu, kwa video, kwa vifaa vya kupeleka nyumbani. Kwa hiyo akikwambia mtu kwamba "kwa sasa haiwezekani", mwulize ni kipi hasa kisichowezekana, na badala yake watatoa nini.

Sisemi haya kwa kuwachukia walimu. Mwalimu wa Idrisa umenieleza mwenyewe anavyohangaika na darasa zima kwenye skrini. Lakini uchovu wake haufuti wajibu wa wilaya ya shule iliyomwajiri.

Sasa chukua IEP ya Idrisa. Achana na kurasa za mwanzo zenye maelezo marefu, nenda kwenye jedwali la huduma. Hapo pameandikwa mazoezi ya usemi ni dakika ngapi na mara ngapi. Ziweke dakika hizo kando ya anachopata leo. Kama tangu Agosti anachopata ni karatasi za kupaka rangi na kiungo cha kuingia darasani na wenzake, basi huduma imepunguzwa, na IEP haibadilishwi kwa simu. Hubadilishwa kwenye mkutano, ambao huko Texas wanauita ARD, au kwa makubaliano ya maandishi kati yako na shule. Ndiyo maana ile fomu waliyokutumia kwenye simu uibofye kukubali, usiibofye kabla hujasomewa yote kwa Kiswahili. Yawezekana ni makubaliano ya aina hiyo hiyo.

Kisha waandikie barua pepe, hata ya mistari mitano. Omba mkutano wa ARD kwa video au simu. Sema huduma gani hazitolewi na tangu lini. Omba wakupe kwa maandishi sababu za kukataa au kubadilisha chochote; hiyo ni notisi ambayo sheria inawalazimisha kuitoa. Maneno ya simu yanapotea, na mwezi wa tano hakuna atakayekumbuka nani alisema nini.

Omba pia upewe mkalimani, katika barua hiyo hiyo. Hili limeniuma kuliko yote uliyonieleza, kwamba mkutano uliopita Zainabu ndiye aliyekutafsiria. Msichana wa miaka 13 anaambiwa amweleze mama yake kwamba ndugu yake "hajafikia malengo", mbele ya watu wazima watano, na yeye mwenyewe hayajui hayo malengo ni nini. Sheria inaitaka shule ifanye kila linalohitajika ili mzazi auelewe mkutano, na imemtaja mkalimani kwa jina. Halipwi na wewe. Wakimleta wa simu na ikawa Kiswahili chake cha Lubumbashi hamwelewani, sema palepale mkutano usimame atafutwe mwingine. Huyo mtu hana kosa, ila wewe ndiye unayetakiwa kuamua, na huwezi kuamua usichokielewa.

Nikueleze yaliyotupata sisi, maana ndiyo yaliyonipa nguvu. Shule ilipohamia nyumbani, Nuru alikuwa akikalia kiti cha kawaida cha mezani. Unaijua hali yake ya mtindio wa ubongo, mgongo haujimudu. Kila baada ya dakika chache anateleza kushoto, mkono unabanwa chini ya ubavu, na kile kidole anachobonyezea kifaa chake cha kuongelea hakifiki popote. Mwalimu akaandika kwamba "hashiriki". Angeshirikije? Nikaandika kuomba kiti chake cha shuleni, chenye mikanda na vishikio vya pembeni, kiletwe nyumbani. Awali walisema ni mali ya shule, hakitoki. Nikaomba hilo lijadiliwe kwenye mkutano, maana sheria inasema kifaa kikihitajika nyumbani ili mtoto apate elimu yake, shule itakitoa. Kikaletwa. Siku hiyo mtaalamu wa viungo alikuwa kwenye skrini akinielekeza: teremsha simu niyaone magoti, kaza mkanda wa kiuno kwanza, sasa kunja taulo liweke chini ya kiwiko cha kulia. Nikakunja taulo. Nuru akanyoosha kidole, akabonyeza, na sauti ya kifaa ikawasalimu wenzake. Hakuteleza mpaka kipindi kikaisha.

Kwa hiyo nenda mkutanoni ukijua unachokitaka. Idrisa anaziba masikio na kukimbia akiona nyuso ishirini kwenye skrini. Omba vipindi vifupi vya yeye na mtaalamu wa usemi peke yao, dakika kumi au kumi na tano, mara nyingi zaidi kwa wiki. Omba ratiba ya picha kama anayoitumia darasani, ichapishwe na iletwe nyumbani. Na kuna kitu kikubwa zaidi ambacho nadhani hukuambiwa: Texas ina kanuni yake kuhusu watoto wenye usonji. Kamati ya ARD inatakiwa kuangalia mikakati 11, na miongoni mwake ni mafunzo yanayofanyika nyumbani na mafunzo kwa wazazi na familia. Waulize mkutanoni, mmoja mmoja, kila mkakati waliamua nini na kwa nini.

Anza daftari leo. Tarehe, huduma iliyotolewa, alikaa muda gani, alifanya nini. Umesema alikuwa ameanza kusema "maji" na "nataka" na sasa amerudi kuvuta mkono tu. Hilo liandike, na kama una video yake ya mwaka jana akisema, itunze. Mtoto aliyekosa huduma na akarudi nyuma anaweza kupewa huduma za kufidia baadaye, hata shule zikishafunguliwa, na daftari lako ndilo litakaloonyesha amekosa kiasi gani.

Shemeji ana hofu kwamba mkilalamika mtaonekana wakorofi, na kwamba karatasi zenu za uhamiaji zitaingizwa humo. Mwambie mambo haya mawili hayana uhusiano. Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1982 kwamba mtoto hawezi kunyimwa shule ya serikali kwa sababu ya hali yake ya uhamiaji, tena kesi yenyewe ilitoka huko huko Texas. Na shule hairuhusiwi kumlipizia kisasi mzazi anayedai haki ya mtoto mwenye ulemavu.

Mwambie pia kwamba huko kwenu kunyamaza kumewagharimu watu sana. Kuanzia mwaka 2004 Texas ilikuwa na kiwango cha asilimia 8.5 ya wanafunzi katika elimu maalumu, na wilaya zikajibana zisikivuke. Gazeti la Houston Chronicle likalifichua mwaka 2016, na Januari 2018 Wizara ya Elimu ya Marekani ikathibitisha kwamba jimbo lilivunja sheria. Maelfu ya watoto walikuwa wamekosa msaada, na wazazi wengi walikuwa wameambiwa kwa upole kwamba mtoto atakua tu, wangoje. Kwa hiyo nikisikia mtu wa Houston anaambiwa angoje, siwezi kulichukulia kirahisi.

Msipokubaliana mkutanoni usitie sahihi ya kukubali. Una haki ya kuomba mkutano uahirishwe, usizidi siku 10 za shule, mkutane tena. Ikishindikana kuna usuluhishi wa bure, na kuna malalamiko ya maandishi kwa idara ya elimu ya jimbo, ambayo kwa kawaida huyatolea uamuzi ndani ya siku 60. Uyapeleke kabla mwaka haujapita tangu kosa litendeke. Kabla ya kufika huko, wapigie Disability Rights Texas, shirika la kutetea haki za wenye ulemavu huko kwenu, waambie unataka mtu wa Kiswahili.

Kesho ni sikukuu ya Martin Luther King, shule zimefungwa, utakuwa na nafasi. Nipigie picha ukurasa wa jedwali la huduma unitumie. Jumanne usiku, Idrisa akishalala, nitakupigia tuiandike barua pamoja. Sisi tuko mbele yenu kwa saa moja, lakini nitakuwa macho. Kiingereza chake niachie mimi, wewe niambie unalotaka liandikwe.

Nisalimie wote, na Zainabu mwambie shangazi yake anajivunia naye.

Wako akupendaye,
Mama Nuru