Huyo nyangumi hakuzaliwa muuaji

Ndugu Mhariri,

Naandika kuhusu ile klipu iliyozunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp mwaka 2025, ya dada mkufunzi wa nyangumi anayeitwa Jessica Radcliffe anavamiwa na nyangumi mbele ya watazamaji. Mpaka leo huku Kigoma bado nakutana nayo. Juzi nilikuwa Kibirizi nasubiri boti, kijana mmoja akanisogezea simu, mzee hebu ona hili lisamaki lilivyo na roho mbaya, wenzake wakadakia wanasema hilo lingepigwa risasi palepale.

Ile klipu ni ya uongo, imetengenezwa kwa akili mnemba na mkufunzi wa jina hilo hajawahi kuwepo. Ila kilichoniuma sio uongo wake, kinachoniuma ni kwamba ya kweli yapo, wamekufa watu kweli, na ukiyafuata ya kweli kuanzia mwanzo huwezi tena kusema lile lisamaki lina roho mbaya.

Kwanza sio samaki. Orka, huyo anayeitwa nyangumi muuaji, ni wa ukoo wa pomboo, ndo mkubwa kuliko pomboo wote, anavuta hewa kama sisi na ananyonyesha. Kuna koo zao ambazo hata dume lililokomaa halimwachi mama yake mpaka mmoja afe. Na kila ukoo una milio yake, yaani kama unavyomjua Muha wa Kasulu na Mmanyema wa Ujiji wakifungua mdomo tu. Na huko baharini, pamoja na jina hilo baya, haijawahi kuthibitishwa hata mara moja kwamba orka ameua mtu.

Sasa chukua orka mmoja dume anayeitwa Tilikum. Alikamatwa karibu na Iceland Novemba 1983 akiwa na miaka kama miwili, bado mtoto wa kumfuata mama. Wakampeleka Kanada kwenye kibanda cha maonyesho mjini Victoria, usiku anafungiwa kwenye chumba cha chuma chenye giza pamoja na majike wawili wakubwa ambao walikuwa wanamchana ngozi kwa meno, na hana pa kukimbilia. Mwezi wa pili 1991 mkufunzi kijana wa miaka 20 akateleza akaingia majini, wale orka watatu wakamzuia asitoke mpaka akafa. Mahali pale pakafungwa. Tilikum je? Akauzwa SeaWorld, bustani ya maonyesho ya wanyama wa baharini kule Orlando, Marekani, akaendelea na kazi, tena akatumika kuzalisha. 1999 mtu aliyejificha humo usiku akakutwa amekufa juu ya mgongo wake. Februari 24, 2010 akamvuta majini Dawn Brancheau, mkufunzi mzoefu kabisa, akamuua watu wanaangalia. Na miezi miwili tu kabla ya hapo, Desemba 24, 2009, orka mwingine alishamuua mkufunzi Alexis Martínez kule kisiwa cha Tenerife, Hispania. Kwahiyo watu wanne, wote kwenye mabwawa, na watatu kati yao ni kwa mnyama mmoja ambaye baada ya kifo cha kwanza kila mtu alishajua hayuko sawa, ila alikuwa anaingiza hela.

Mi nikisoma hayo namkumbuka tumbili. Nikiwa mdogo Ujiji kulikuwa na gesti moja, siitaji jina, walikuwa na tumbili amefungwa mnyororo kiunoni kwenye mwembe. Manyoya ya kiunoni yaliisha yote ikabaki ngozi nyekundu, na pale chini alikuwa amezunguka mpaka ardhi imechimbika duara, unaona kabisa mnyororo unapoishia ndo nyasi zinapoanzia. Sisi watoto tulikuwa tunamrushia karanga, wengine mawe, na mimi nilirusha. Siku moja akamng'ata mtoto wa jirani kidole, jioni ileile wakampiga rungu. Watu wakasema tumbili mkali huyo. Mnyororo haukutolewa pale mtini, mwezi uliofuata akaletwa mwingine.

Naomba mnielewe, yule mtoto aliumia kweli, na hao wakufunzi ni watu, wana mama zao, wana waume na watoto. Wengi wao waliwapenda hao wanyama. Hasira yangu ni kwa anayeshika mnyororo.

Meno yao ndo yalinifanya nisilale. Orka wa bwawani anatafuna zege na mageti ya chuma kwa kukosa cha kufanya, meno yanasagika na kuvunjika, halafu wanayatoboa kwa mashine na kila siku yale matundu yanasafishwa kwa kurushiwa maji. Utafiti uliotoka 2017 uliangalia orka 29 wa mabwawani, wote 29 meno yao yana kasoro. Mliowahi kuumwa jino usiku mmoja tu mnajua naongea nini.

Mtu ataniuliza Kigoma hatuna hata bahari, inatuhusu nini. Jamani sisi ndo inatuhusu! Jane Goodall alikuja hapa Gombe mwaka 1960, na ni kwa sokwe wetu ndipo dunia ilipojifunza kwamba mnyama ana familia na ana uchungu. Kulikuwa na sokwe mama anaitwa Flo, alikufa 1972, mwanae Flint akawa hali, amejikunyata tu, mwezi haukuisha naye akafa. Na ziwa tunalo. Orka anaweza kuogelea kilomita 100 na zaidi kwa siku, hiyo ni kama utoke hapa Kigoma uende unakaribia Kalemie kule Kongo. Haya, chukua mnyama wa hivyo umweke kwenye bwawa kama la orka jike aliyeitwa Tokitae kule Miami, Marekani, kina chake mita kama 6. Sita. Mvuvi wa migebuka hapa hata kamba haanzi kuishusha.

Huyo Tokitae alikamatwa Agosti 1970 Penn Cove, jimbo la Washington, wakamataji waliwaswaga yeye na wenzake kwa boti, ndege na milipuko, orka watano wakafa na maiti zikazamishwa kwa uzito ili watu wasijue. Mwenzake wa bwawani, Hugo, alikuwa anagonga kichwa ukutani, akafa 1980. Toka hapo hakuona tena orka mwingine mpaka naye akafa Agosti 18, 2023, miaka 43 hiyo.

Wenye mabwawa wanasema wanafundisha watoto kupenda bahari. Mi sioni mtoto anajifunza nini kwa mnyama anayeruka ili apewe samaki, labda anajifunza nilichojifunza mimi chini ya ule mwembe.

Kuwaachia tu nako sio rahisi, wengine wamezaliwa humohumo hawajui kuwinda, na orka mmoja, Keiko, aliyerudishwa baharini 2002 alikufa mwaka uliofuata kule Norway, hakupata ukoo wa kumpokea. Ndo maana la kwanza ni kutozalisha tena, SeaWorld wenyewe walitangaza kuacha 2016, Kanada walipiga marufuku kwa sheria 2019, na Ufaransa wana sheria ya 2021. Lakini hata hapo Ufaransa, bustani ya maonyesho ya Marineland mjini Antibes ilifungwa Januari 2025 na orka wawili, Wikie na mwanae Keijo, wakabaki ndani ya bwawa la sehemu iliyofungwa, huku watu wakibishana wapelekwe wapi.

Ombi langu kwenu Mhariri ni dogo. Mkiandika tena habari ya nyangumi aliyeua mkufunzi, andikeni na alikamatwa lini, akiwa na umri gani, na nani alikuwa anakata tiketi.

Msomaji wenu,
Ujiji, Kigoma