Barua ya wazi kwa Gavana wa Benki Kuu ya Kenya: Marejesho yafuate msimu

Mheshimiwa Gavana,

Mimi hutunza hesabu za kampuni ndogo za utalii hapa Nairobi, zile zenye vani mbili tatu na ofisi ya chumba kimoja mjini.

Wageni wao wengi huja Julai hadi Oktoba, nyumbu wakiwa Maasai Mara, kisha Desemba. Masika yakishika, Aprili na Mei, vani hulala. Hata hivyo benki hudai rejesho lile lile kila mwezi, kana kwamba mkopaji ni mwalimu mwenye mshahara. Kwa kanuni zenu, deni likichelewa siku 90 huhesabiwa kuwa halilipiki, na benki hutenga fedha zaidi kwa ajili ya hasara. Anayekwama mwisho wa Machi hufikia hapo Juni ikiisha, wageni wakiwa karibu kutua.

Kuna kosa jingine, na hili huiumiza benki yenyewe. Afisa wa mikopo akiona mamilioni yameingia kwenye akaunti mwezi Juni, hudhani mteja ametajirika. Sehemu kubwa ya fedha hizo ni malipo ya awali ya wageni, yanayongoja kulipa kambi, mafuta na viingilio vya hifadhi. Mkopo hutolewa kwa kutegemea faida ambayo haipo. Angeomba orodha ya safari zilizolipiwa na gharama zake, angeujua ukweli mapema. (Wapo wateja wangu wanaofurahia kudhaniwa matajiri; hayo tutayamaliza wenyewe.)

Hofu ya benki naielewa. Mwaka 2020 vani zote ziliegeshwa kwa pamoja, na hakuna ratiba ambayo ingezuia hilo. Wala siombi riba iwekewe kikomo kwa sheria: tulilionja hilo kuanzia 2016 hadi 2019, benki zikawakwepa wakopaji wadogo.

Ninachoomba ni mwongozo unaosema wazi kwamba ratiba ya msimu, iliyokubaliwa siku ya kutia saini, si mkopo uliopangwa upya, yaani uliobadilishiwa masharti kwa sababu mkopaji amekwama. Aprili hadi Juni ilipwe riba peke yake. Deni lenyewe lipunguzwe wageni wanapokuwepo. Tena ziulizwe benki kwa nini bado zinang'ang'ania hatimiliki ya shamba, ilhali sheria ya 2017 inaruhusu mali inayohamishika kuwa dhamana, vani na hata malipo ambayo mteja anadai.

Wateja wangu hutafuta mikopo ya vani kabla ya Julai. Mwongozo ukitoka Mei utawafaa. Ukitoka Agosti, watakuwa wameshatia saini mikataba ile ile ya zamani.

Wako,
Mtunza hesabu, Nairobi